Pingili Mbili Zisizogusana

Mtafiti alikuwa peke yake maabarani alipouona ule mwanya. Protini ni mnyororo uliojikunja, na katika ile aliyokuwa akiichunguza, kwa watu wenye afya, pingili mbili za asidi amino zilizo mbali kwenye mnyororo hukutana na kushikana. Kwenye protini ya marehemu mdogo wake, kitindamimba wao, hazikugusana.

Aliweka ncha ya kidole kwenye kioo cha kompyuta, ikazifunika zote mbili. Kumbe kilichomuua ndugu yake kilikuwa kidogo hivyo! Akageuka amwambie mtu, akakuta viti vitupu na makoti meupe yametundikwa ukutani.

Akampigia mama yake.

"Mama, nimejua kilichomuua. Ni kasoro ya kurithi."

"Karithi kwa nani, mwanangu? Kwangu au kwa marehemu baba yako?"

Majibu ya vipimo vya damu ya mama yalikuwa mezani, mbele ya mtafiti. Kasoro ilitoka kwa mama.

"Kwa baba," akasema.

Mama alishusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa gunia kichwani. "Nilijua! Na mpaka baba yako anaingia kaburini, alikuwa akinilaumu mimi."