Figo ya Kaka

Mwalimu wa biolojia alilala kitandani, mashine ikimsafishia damu. Figo zake, zile alizozoea kuwachorea wanafunzi ubaoni, zilikuwa zimegoma. Kaka yake aliketi kando akimmenyea chungwa.

"Ningekupa yangu, mdogo wangu. Ila ndiyo hivyo, vipimo vimekataa."

Muuguzi mgeni akaingia na faili la mgonjwa kukagua mashine. "Kumbe kaka mtu ndiye huyu? Si vipimo vyenu vilioana kabisa! Mbona ulighairi?"

Kisu kikasimama. Ganda refu la chungwa likabaki likining'inia kidoleni mwake.

"Niliogopa," kaka akanong'ona. "Nina watoto."

"Ungeniambia tu, ningekuelewa." Mwalimu akamgeukia. "Mimi mgonjwa, ndiye niliyekuwa nikikubembeleza usijilaumu! Nawe ukinyamaza, ukifutwa machozi."

Kaka akainamisha kichwa.

"Toka, kaka."