Boneti Yenye Joto

Jovnna alivua glavu, akabandika kiganja juu ya boneti ya pikipiki ya theluji ya njano, akatabasamu. Ilikuwa na joto.

"Shangazi Bigga, hii umeiwasha leo."

"Nimeiwasha," akajibu yule mama, akaendelea kunywa kahawa yake mlangoni mwa banda.

Hata haya hakuona! Jovnna alikuwa ameahidi kufika saa nne asubuhi, akaja saa tatu makusudi, kwa sababu kila mfugaji wa reinda, wale kulungu wa nchi za theluji, anaujua ujanja huu: mashine inayogoma kuwaka kwenye baridi, muuzaji huipasha moto kabla mnunuzi hajatokea. Jovnna aliujua kuliko wote, maana alishauziwa mbuzi kwenye gunia mara mbili. Mara ya kwanza aligusa boneti yenye joto, akaambiwa imepigwa na jua. Ilikuwa Januari, na huko kwao kaskazini Januari jua halichomozi kabisa. Akanunua.

Safari hii hakutaka mchezo. Kesho kundi lilikuwa linapandishwa bonde la juu, na kule theluji inamfika mtu kifuani. Mwaka jana mashine yake ilizama siku ya kwanza tu, akarudishwa kambini kupika supu wiki tatu, huku shemeji yake Mihkkal akimchungia reinda wake na kupiga nao picha. Supu yenyewe watu waliisifu, na sifa hizo zilimuuma kuliko picha. Akirudi leo bila mashine ya maana, sufuria ilikuwa inamngoja.

"Umepitaje mlimani?" Bigga akauliza. "Usiku kucha theluji imeanguka."

"Nimeelea, shangazi! Na lile kopo langu bovu, lenye mkanda mfupi vile wa kukanyagia theluji!" Jovnna akaionyesha mashine yake kuukuu iliyokuwa ikitoa moshi uani. "Hakuna hata alama moja mbele yangu, upepo umefagia kote. Nimefuata zile nguzo za njia tu. Kule juu nikasimama nijisaidie. Hatua moja pembeni, nikazama mpaka kiunoni! Nageuka kutazama, mashine imekaa pale juu, utadhani iko sebuleni."

"Ajabu," akasema Bigga.

"Si ajabu, ni kujua. Unalala kidogo kushoto, unapumua, unaiachia. Mihkkal anasema theluji nene inataka mkanda mrefu. Uongo mtupu! Inataka fundi. Hata mbwa wangu alijua leo kuna jambo. Alfajiri kabweka mpaka nikamrushia kiatu."

Bigga alipaliwa na kahawa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, Jovnna akampigapiga mgongoni kwa adabu, kama mpwa mwema.

Mashine zilikuwa mbili. Ya njano ilikuwa ndefu, imechakaa, kiti chake kimezungushiwa utepe wa gundi kila upande. Pembeni yake ilisimama nyekundu, fupi, inang'aa, na usukani wake ulikuwa umeota barafu. Jovnna aliigusa boneti yake. Baridi tupu, ya usiku mzima. Mashine isiyo na siri, akawaza, na moyo wake ukaipenda hapo hapo.

"Chukua ya njano," akasema Bigga. "Sura haina, lakini ni ya kazi. Hiyo nyekundu ni ya kijana wangu, alikuwa akishindana nayo kwenye barafu ya ziwa. Amekwenda zake Stockholm kusoma."

Jovnna alicheka kimoyomoyo. Masikini shangazi, hata kudanganya hajui. Alishika kamba ya kuwashia ya nyekundu, akavuta. Kimya. Akavuta tena, ikaunguruma.

"Mara mbili tu, na baridi yote hii!"

"Mkanda wake umeuona lakini?"

Jovnna aliinama, akautazama. Ulikuwa mfupi kuliko hata wa kopo lake. Kidogo moyo ukasita. Kisha akaukumbuka mlima wa asubuhi ile, jinsi alivyoelea juu ya theluji peke yake, na mashaka yakamtoka.

"Kwa mwingine ungekuwa mfupi," akasema.

"Una hakika, we mtoto?"

"Shangazi, mimi si mtoto."

"Hilo naliona, una mvi. Ndiyo maana nauliza."

Jovnna akanyoosha mkono. Bigga aliutazama kwanza ule mkono, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuurudisha mfukoni. Kisha akaushika. Na kwao, mikono ikishashikana, biashara imekwisha. Hairudishwi hata kitu kikiharibikia getini.

Akavaa kofia yake, akaipanda nyekundu, akakaa wima. Akilini alimwona Mihkkal kesho amesimama mdomo wazi, na upawa wa supu umeshikwa na mtu mwingine kabisa. Alifurahi sana, na furaha ikampa ukarimu.

"Haya shangazi, tumeshamalizana, sasa niambie ukweli. Sitakasirika. Hii ya njano uliipasha moto ya nini?"

Bigga alimwaga machicha ya kahawa kwenye theluji, akakung'uta kikombe.

"Sikuipasha, mwanangu. Alfajiri nimekwenda nayo mpaka mlangoni kwako na kurudi, nikushindilie njia, maana na lile kopo usingefika. Haya nenda, fuata nguzo, usitoke pembeni hata kidogo. Na mwaka huu supu yako nitapanda mwenyewe kuja kuionja."