Neno Kabla ya Jina

Faili la matangazo ya vifo lilikuwa limejifunga. Kila kompyuta ya kituo cha redio ilijibu kwamba linatumiwa na Saumu.

"Saumu amefiwa na mama yake alfajiri, ameshakwenda nyumbani," alisema Mbaruku, mtangazaji. "Lifungue kwa nguvu, fundi. Watu wanataka kujua wanazika saa ngapi."

Nasra angeweza kulifungua kutoka kwenye seva, lakini alichoandika Saumu kingepotea. Akaenda kwanza chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya Saumu.

Saumu alikuwa bado ameketi hapo, mkoba mapajani. Tangazo lilikuwa kamili kwenye kioo: majina ya watoto, msikiti, saa ya maziko. Jina la mama tu ndilo lililosimama peke yake, bila "marehemu".

"Naliandika, nalifuta," alisema Saumu.

"Pole, dada. Nikuandikie?"

"Hapana, mdogo wangu. Ni mama yangu."

Nasra akasogea nyuma ya kiti.

"Fundi! Limefunguka?" Mbaruku aliita kutoka studio.

"Bado kidogo, kaka," alijibu, huku kidole cha Saumu kikishuka taratibu kwenye herufi M.