Shahidi wa Pili

Jua lilikwishazama na darubini ilionyesha ukungu mtupu. Mwezi usipoonwa na mashahidi wawili, kesho si Idi, na kilimani walikuwa Mashavu na kaka yake Haruni tu.

“Tubadilishe bomba, tuunge lile fupi chini ya lenzi ili ukungu huu uondoke,” alisema Mashavu.

“Refu! Unajifanya fundi?” Haruni akamzaba kofi.

Mashavu akampokonya bomba refu, akamtandika nalo usoni. Haruni akaanguka, jicho moja limefumba, damu inachuruzika. Mashavu akaunga lile fupi, akachungulia. Mwezi ulikuwa wazi kabisa.

“Kaka, nimeuona! Inuka.”

“Nitazame kwa jicho gani, muuaji?”

“Lililobaki.” Akamkamata ukosi, akamsukuma kwenye lenzi.

Haruni alichungulia, akashusha pumzi.

“Umeona nini? Sema!”

Haruni akalifumba na jicho lililobaki, damu yake ikidondoka kwenye bomba fupi, na mwezi ukizidi kushuka.