Jina Asilolitaja

Siku hizi hakuna anayeamini sauti wala sura kwenye simu, kwa sababu wezi wanaziiga zote. Kila familia ina neno lake la siri, na asiyelitaja hukatiwa, hata akilia. Namba yake hujifunga, isiweze kumpigia mtu yeyote mpaka kesho yake.

Kwa kina Siwema, neno lilichaguliwa na kaka yake Shomari: jina la marehemu baba yao. Mama yao, Bi Mwanahawa, aliitikia kwa kichwa tu. Tangu aolewe hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Kwao, mke kufanya hivyo ni kumvunjia mume heshima. Wanawe hawakulikumbuka hilo.

Adhuhuri moja alipiga simu.

"Mwanangu, nimeteleza bafuni. Mguu hauinuki."

"Pole, mama. Neno?"

"Siwema, sauti yangu huijui?"

"Wiki iliyopita walinipigia kwa sauti hiyohiyo. Neno, mama."

Mama akajibu polepole: "Baba yenu."

"Jina lake."

"Yule... mwenye nyumba. Nionee huruma, mwanangu."

Wezi nao huomba huruma. Siwema alikata, akashukuru kwamba safari hii hawakumpata.

Msibani, jirani aliyevunja mlango alimvuta pembeni.

"Nilimkuta bado anapumua, simu kaikumbatia kifuani. Alikuwa anarudiarudia jina moja, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi. Mbaruku, Mbaruku. Ni nani huyo, mwanangu?"