Kuro Atafuta wa Kumpasua

Enzi wanyama walipotibiana wenyewe, Kuro aliotwa na uvimbe shingoni, na woga wake ukawa mkubwa kuliko uvimbe.

Tumbusi akamtuliza. "Bwana Kuro, nimepasua wengi, na hajatokea hata mmoja wa kunilalamikia."

Kuro alifurahi, ila woga ukampeleka kwanza kwa wenzake waliokuwa wakilamba chumvi bondeni. Nyumbu alimsema vibaya Korongo, mpasuaji mwingine: ana maneno makali, na mshono wake uliwasha mwezi mzima. Pofu akaonyesha kovu lililopinda, kazi ya Korongo huyohuyo.

"Na waliopasuliwa na Tumbusi wanasemaje?" Kuro akauliza.

Hakuna aliyewahi kukutana nao.

Kulipokucha, Kuro alikuwa mlangoni kwa Korongo, akimwomba ampasue upesi, naye apate kulalamika kama wenzake.