Simba Ampa Bintiye Kichwa

Zamani, mtake msitake, palikuwa na Simba mwenye shungi nene hadi ndege walizeekea humo wakitafuta njia ya kutoka. Siku moja bintiye Tunu akamwambia, "Baba, chuo sitaki. Nataka kuwa kinyozi."

"Kinyozi!" Simba akanguruma, milima ikahama. "Wewe mwenyewe shungi huna! Haya, nenda katafute mteja. Ukimkosa, chuoni!"

Tunu akashika mkasi, akazunguka pori zima. Pundamilia akatimua mbio, Nyani akajifanya amekufa. Nani ampe mtoto wa simba kichwa chake? Akarudi nyumbani machozi yanamlenga.

Simba akamtazama, akaguna, akakaa kitini. "Haya fundi, anza na mimi. Sikio tu uniachie."

Nyani alipochungulia na kuona kipara kinang'aa, akapiga yowe. "Jamani! Kama Simba ananyolewa, zetu tuzitie maji!"

Wanyama wote wakatia maji vichwa vyao, mto ukakauka. Foleni ikapotelea ng'ambo ya milima.

"Mwanangu," Simba akanong'ona akipapasa kipara, "hawa wamekuja kwa woga."

"Najua, baba. Watarudi kwa kupendeza."